Shangazi Amebana Maziwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeuza ndama, nimenunua spika. Siku njema huonekana asubuhi.

Ilikuwa hivi. Mchinjaji alipita na baiskeli yake, akachungulia zizini, akamwona Doa. Doa ni ndama wetu dume, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, utadhani aliegemea ukuta kabla chokaa haijakauka. Mchinjaji akaniuliza huyu ana faida gani. Hakamuliwi. Hatagi. Kazi yake ni kunyonya maziwa ambayo mimi ningeyauza. Neno lile likaniingia. Kweli kabisa! Kila asubuhi Doa ananyonya kwanza, mama yake anashusha maziwa, ndipo mimi nakaribia na ndoo kama mgeni wa pili mezani. Nyumbani kwangu! Nikawaza: ndama akiondoka, maziwa yote yangu, na juu yake napata spika. Kichwa hiki hakikuumbwa kufuga nywele tu.

Spika yenyewe ilikuwa kwa fundi redio tangu mwezi uliopita. Nyeusi, inanifika kifuani, ina magurudumu. Nitaikodisha kwenye sherehe. Watu wanaoana kila wiki, hawakomi.

Mke wangu na mama mkwe walikuwa sokoni. Waliporudi, Doa hayupo na spika iko sebuleni. Mke wangu akauliza ndama yuko wapi. Nikamwambia ndiye huyu hapa, amebadilika kidogo tu. Hakucheka. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi tangu baba mkwe afariki, aliweka kikapu chini, akakaa juu ya kiti cha jikoni na kuitazama spika. Wanawake hawaoni mbali.

Mama yake Doa tunamwita Shangazi, kwa sababu anakutazama kama shangazi aliyekuja kukagua jiko lako. Tangu mchana analia. Kilio cha njaa nakijua, hiki si chenyewe. Anaita, ananyamaza kidogo kama anayesubiri jibu, halafu anaita tena. Nimemwambia mke wangu kesho atakuwa amesahau. Ng'ombe ni ng'ombe.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Hajasahau.

Nimeingia zizini na ndoo kubwa kuliko ya siku zote, maana nilijua maziwa yamekuwa yangu peke yangu. Nikamwekea pumba horini. Nikamwosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu. Nikavuta. Kitone. Nikavuta tena. Kitone kingine. Kiwele kimejaa hadi kinang'aa, lakini Shangazi amebana maziwa yote juu, hatoi. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba Doa hayupo na hizi zake ni hasara kwetu sote. Akaita. Akanyamaza. Akaita.

Mama Chai, mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi, ndiye mnunuzi wetu. Nikamwambia ng'ombe ana mafua. Akasema nimpe pole, na wateja wake watakunywa chai ya rangi, lakini si hadi mwisho wa dunia.

Jirani naye hakuniacha. Tunamwita Mstaafu, alifanya kazi posta maisha yake yote, na sasa hana mke wala barua, ana mbuzi tu. Kila asubuhi anawasalimia mmoja mmoja. Namsikia kupitia uzio wa mbao. Juzi mbuzi wake jike alikufa akizaa, akaacha kitoto cheusi ambacho Mstaafu anakinywesha kwa chupa. Na nilimsikia kwa masikio yangu akimpa pole beberu. Pole! Beberu! Nilicheka hadi nikashika uzio.

Leo akachungulia kuniuliza Shangazi ana nini. Nikamjibu anafanya mazoezi ya sauti. Akasema kwa upole, "Anamwita mwanawe, jirani." Nikamwambia sikuomba mkalimani.

Jioni Mchinjaji ameleta kifurushi cha nyama, shukrani ya biashara. Mke wangu alikitazama, akakirudisha mlangoni kwa ncha za vidole. Mama mkwe akasema hana njaa. Nikapika mwenyewe, nikala mwenyewe. Ilikuwa laini. Shajara haidanganywi: sikuimaliza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Shangazi amenusa mikono yangu asubuhi. Alinusa kwa muda mrefu, kidole kwa kidole, kisha viganja, kisha kifundo cha mkono. Halafu akanitazama, akarudi nyuma hadi kamba ilipokazika. Sijawahi kutazamwa vile, na nimewahi kuachishwa kazi mbele za watu.

Nimenawa kwa sabuni. Kwa majivu. Kwa ndimu. Bado kila nikikaribia ananipa mgongo.

Maziwa: hakuna.

Habari za spika. Amekuja mteja wa kwanza, mjomba wa bibi harusi, mtu mzito mwenye miwani. Akaizunguka, akaigonga gonga, akauliza, "Ya pili iko wapi?" Nikasema ipo hii tu. Akanitazama kwa huruma. Akasema spika za sherehe huja mbili, moja huku na moja kule, moja peke yake ni kelele za mkiwa. Akaondoka. Fundi redio hakunieleza hilo! Anayo pacha yake, nimeiona kwa macho yangu, na hakusema neno.

Sasa spika iko sebuleni na mke wangu anaanikia soksi juu yake.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Shangazi hali. Majani mabichi niliyokata mwenyewe yamenyaukia horini. Sauti imemkauka lakini hajaacha kuita, sasa anaita kwa pumzi tu, na hiyo ni mbaya kuliko kelele. Kelele unaweza kuziba masikio.

Nimejaribu chumvi. Nimejaribu kumkanda kiwele. Nimejaribu vitisho. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimpa maji kila siku na Shangazi anampenda, basi nikavaa gauni la mke wangu na kitambaa chake cha kichwa, nikaingia zizini nikiimba kwa sauti nyembamba. Teke moja. Ndoo ilikwenda kivyake, mimi kivyangu, gauni likachanika hadi kiunoni. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule. Alinyoosha mkono tu kudai gauni lake.

Mchinjaji amefika bila kuitwa. Ana pua ya mambo haya. Akasema ng'ombe asiyekamuliwa ni nyama inayochelewa. Yuko tayari kuja Jumapili ya wiki ijayo na pikapu. Nami, kwa kuwa Mama Chai amekwisha kuanza kuulizia maziwa ya mbuzi kwa Mstaafu, nikasema aje. Siwezi kulisha kinywa kisichorudisha kitu.

Tukala chakula cha jioni. Halafu mke wangu akasema, wala hakupandisha sauti, kwamba Shangazi alikuja nyumbani hapa pamoja naye, mwaka alioolewa, akiwa mtamba mdogo aliyetoka kwao. Akipakiwa kwenye pikapu, yeye na mama yake nao watafunga mizigo warudi walikotoka. Nikasema anatania. Mama mkwe akaendelea kukatakata mkate vipande vidogo sana, vidogo hata kwa ndege.

Hatanii. Nimekaa naye miaka mingi, akitania hupandisha sauti.

Kwa hiyo nina wiki moja ya kumfanya ng'ombe ashushe maziwa, la sivyo nabaki na spika.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Nililala na wazo, nikaamka nalo. Simu ya mke wangu ina video ya Doa akiita mama yake asubuhi moja, ana njaa, mkia juu. Nikaichukua simu yeye akiwa anaoga. Nikaiburuta spika hadi nje. Waya ulifika kwenye uzio wa Mstaafu tu, basi nikaiweka hapo, nikaunganisha, nikafungulia sauti yote.

Doa akalia mtaa mzima.

Shangazi alikata kamba kama uzi. Sikujua ng'ombe wa umri ule anaweza kukimbia vile. Mimi nilikuwa katikati, yeye upande mmoja, spika upande wa pili. Nilikula kona. Akapiga uzio kwa bega, mbao zikavunjika, likabaki tundu la kupita mtoto, kisha akasimama ghafla mbele ya spika. Akainusa. Akaanza kuilamba. Kutoka chini hadi juu, polepole, kwenye kona, kwenye vifungo, kama anayemwosha mtoto aliyerudi na matope. Na maziwa yakaanza kumdondoka yenyewe, chuchu zote nne, chini kwenye vumbi!

Nilikimbilia ndoo. Nikakamua huku Doa akilia tena na tena. Ndoo ikajaa, nikachukua na sufuria. Mama Chai alipokea maziwa yakiwa bado moto, akasema mafua yamepona upesi. Nikamwambia nina mkono mzuri.

Mchana nilitaka kuirudisha spika ndani. Hakuniruhusu. Nilizima sauti, nikamsogelea, akainamisha pembe. Akaizunguka na kusimama nayo chini ya shingo yake. Mvua ikaanza. Hakusogea, aliizibia mvua kwa mwili wake. Nikaleta nailoni kuifunika, maana umeme na maji havipatani, na hapo ndipo aliponiachia nikaribie. Nadhani alifikiri tumekubaliana juu ya jambo.

Mama mkwe alikuwa dirishani anafuta macho. Moshi wa jikoni, labda. Mke wangu alidai simu yake, akaingia nayo chumbani na kufunga mlango. Kutoka ndani nilimsikia Doa, kwa sauti ndogo sana. Alikuwa anaitazama ile video.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Kila asubuhi namwibia mke wangu simu akiwa anaoga. Jumapili Shangazi alikuja kwa spika, akashusha maziwa, lakini nusu ndoo. Kati ya kulamba na kulamba alikuwa anachungulia nyuma yake. Jana akachungulia nyuma kabla ya kulamba. Hakulamba. Kikombe kimoja tu kilipatikana. Leo nimefungulia sauti, akageuza masikio, akasikiliza hadi mwisho, akageuka akaenda kulala kwenye kona ya zizi, kichwa kimeelekea ukutani.

Nikafungulia tena. Na tena. Mstaafu akachungulia kupitia tundu, kitoto cheusi kikiwa kwapani mwake, akaniomba tafadhali nizime. Akasema mkewe alipofariki, aliacha sauti yake kwenye simu ya mezani, ile ya kusema hatupo, tafadhali acha ujumbe. Watu wakipiga ndiyo iliyokuwa ikiwajibu. Mwisho aliifuta, akasema, kwa sababu alikuwa anajipigia mwenyewe.

Nikamwambia mambo ya watu na ya ng'ombe ni tofauti. Lakini nikazima. Betri ya simu ilikuwa inaisha.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Wazo jipya. Wala si langu peke yangu, ni la wafugaji wa kale: ndama akifa, ngozi yake hujazwa majani, akasimamishwa mbele ya mama yake, mama akailamba na kushusha maziwa. Mbona sikukumbuka mapema! Ngozi ya Doa ilikuwa bado kwa Mchinjaji, imetiwa chumvi, inakauka juani. Aliniuzia kwa bei ya kunikomoa. Nimeuza ndama mzima na kurudi kununua koti lake.

Nikaijaza majani. Nyuzi zikakatika. Nikaijaza tena. Ikawa na tumbo upande mmoja, kama mtu aliyemeza mto. Haikusimama. Na muda hakuna, Jumapili imekaribia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaitoa majani yote, nikapiga magoti, nikajifunika mwenyewe.

Shida ikabaki nani akamue. Mke wangu hasemi nami. Akabaki mama mkwe.

Niandike au nisiandike? Nitaandika. Mimi, mtu mzima, mkwe wa watu, niliingia zizini kwa mikono na magoti, nimevaa ngozi ya ndama, baka jeupe likiwa juu ya kisogo changu, na mama mkwe amekaa kwenye kigoda na ndoo katikati ya miguu, macho ameyaelekeza kwenye paa. Nilimwamkia nikiwa chini. "Shikamoo, Mama." Akajibu marahaba, baba, bila kushusha macho. Hakuna aliyewahi kutufundisha adabu za hali kama ile.

Shangazi akanusa. Kwenye baka. Mgongoni. Nikasikia pumzi yake ikibadilika, ikawa fupi fupi. Akaanza kulamba. Ulimi mzito, wenye joto, unakwenda na kurudi mgongoni mwangu kupitia ngozi, na sauti ndogo kooni ambayo sijawahi kuisikia, si ile ya kuita, hii ni ya chini, ya karibu, ya siri kati yake na yule aliyeko chini. Nyuma yangu maziwa yakaanza kupiga ndoo.

Machozi yalinitoka. Sijui kwa nini. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na tangu hapo hakuna aliyenigusa akiwa na haja ya kujua tu kama nipo. Nilibaki chini hata baada ya mama mkwe kumaliza. Akasubiri. Halafu akasema, bado anatazama paa, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi." Alimzika mtoto wake wa kwanza, hilo nalijua, ingawa halizungumzwi. Nikasema ndiyo, Mama.

Nilipoinua kichwa, kwenye tundu la uzio kulikuwa na nyuso mbili: ya Mstaafu na ya kile kitoto cha mbuzi. Zote mbili zimetulia tuli.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Mtaa mzima unaniita Ndama. Mama Chai anapokea maziwa huku anauma midomo. Jana mteja mmoja kibandani aliniuliza kama nimeshaachishwa kunyonya. Wacha wacheke, maziwa yapo.

Yalikuwapo. Leo ngozi imeanza kunuka. Mvua ya juzi imeiharibu, chumvi haikushika, na mimi niliyeivaa nanuka nayo. Nimeinyunyizia marashi ya mke wangu. La kuvunda halina ubani.

Shangazi alilamba baka mara moja, akaacha. Akaanza kunisukuma kwa pua. Ubavuni, polepole. Nikafikiri anacheza. Akanisukuma tena, kwa nguvu kidogo, chini ya kifua, na hapo ndipo nilipoelewa: alitaka nisimame. Ndama mzima husimama akanyonya. Alinisukuma, akarudi nyuma kunipa nafasi, akasubiri, akaja akanisukuma tena. Mimi ningesimamaje? Nikisimama ni mtu.

Mwishowe alikunja miguu akalala kando yangu, shingo yake juu ya ngozi. Mama mkwe aliondoka na ndoo tupu. Nilibaki pale chini ya uzito ule, kunanuka, na nilisema neno ambalo sijawahi kumwambia ng'ombe. Nilimwambia samahani.

Ilinitoka kweli. Naandika hapa ili nisije nikakana.

Kesho ni Jumapili.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Pikapu ilifika asubuhi. Mchinjaji na kamba mpya. Mke wangu alikuwa ameketi mlangoni, begi moja upande huu, begi la mama yake upande ule, amevaa viatu vya safari. Hakunitazama. Mama mkwe alikuwa zizini, ameweka mkono kwenye shingo ya Shangazi, naye Shangazi amelala, macho wazi, hata nzi hawafukuzi.

Nilifungua mdomo. Sikujua nitasema nini. Nadhani ningesema hapana. Nataka kuamini hivyo.

Lakini kabla sijasema, kile kitoto cheusi cha Mstaafu kikapita kwenye tundu la uzio. Peke yake. Kikapita chini ya mikono ya Mchinjaji, kikaingia zizini, kikaanza kumtafuta tafuta Shangazi ubavuni kwa kijipua chake, hapa, pale, kikipiga kelele za njaa. Mbuzi! Mweusi kama masizi, hana baka, hata kunuka hanuki kama Doa. Mstaafu alifika kwenye tundu amebeba chupa, akaona, akasimama.

Shangazi akageuza kichwa. Akanusa. Alinusa kwa muda mrefu sana, na hakuna mtu aliyekohoa. Mchinjaji mwenyewe aliacha kuzungusha kamba. Halafu Shangazi akatoa ule ulimi wake na kumlamba yule mbuzi mara moja, naye mbuzi akaanguka kifudifudi. Akamwinua kwa pua. Akamlamba tena. Na ile sauti ya kooni, ile ya siri, ikaja. Akasimama, miguu inatetemeka, akajiweka sawa ili mdogo yule afike.

Mama mkwe alilia wazi wazi, safari hii hapakuwa na moshi. Mke wangu alivua viatu. Mchinjaji alikunja kamba yake, akasema yeye ana kazi nyingi.

Nikawaeleza wote kwamba huu ndio ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Wanadhani uzio ulivunjwa kwa bahati?

Mstaafu alirudi jioni na blanketi la mtoto yule na chupa yake, amevikunja vizuri, kama anayepeleka mwana shule ya bweni. Akasema yeye ana mikono ya kunywesha lakini hana ya kulamba. Basi abaki kwa Shangazi. Ombi lake ni moja tu: tusiwatenganishe. "Wote wawili wamefiwa, jirani. Wameshapatana." Nikampa mkono. Nikaapa.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Heri tupu. Maziwa tele. Tumempa mbuzi jina la Masizi. Ananyonya, kisha namkamua Shangazi bila shida, kisha Masizi anapanda juu ya mgongo wa mama yake na kulala huko. Shangazi hasogei hadi aamke. Akitoka zizini bila kumwona, anaita mara moja, na Masizi anajibu, na yameisha.

Ngozi ya Doa nimeizika kando ya uzio. Sikumwambia mtu, lakini nimeona mama mkwe ameweka jiwe jeupe juu yake. Mke wangu anasema nami tena. Jana aliniita baba watoto, ingawa watoto bado hatujapata. Begi limerudi juu ya kabati.

Jambo moja tu. Yule mjomba wa bibi harusi amerudi. Ana mpwa mwingine anayeolewa Jumamosi ya pili ya Aprili. Anauliza kama nimeshapata spika ya pili.

Jumapili, tarehe 6 Aprili

Nyumba imetulia. Mke wangu amempeleka mama yake hospitali ya macho mjini, watarudi kesho. Mstaafu ameenda kwa binti yake kwa juma zima, akaniachia funguo na mbuzi wake wote, akasema hana wasiwasi nami.

Mchinjaji amepita na baiskeli. Kwa bahati tu. Akachungulia zizini, akamwona Masizi. Akasema mbuzi aliyelelewa kwa maziwa ya ng'ombe hapatikani, nyama yake ni siagi.

Nimelifikiria kwa makini, maana si mtu wa kukurupuka mimi. Fundi redio bado anayo pacha ya spika yangu. Harusi ni Jumamosi. Na kusema ukweli, mbuzi si ndama. Shangazi hakumzaa. Wana wiki tatu tu pamoja, watu hukaa jirani wiki tatu wakaachana bila hata kuagana. Mstaafu nitamwambia ametoroka. Tundu si lipo?

Makosa yangu ya mara ile nimeyaona wazi. Sikujiandaa. Nilitegemea simu ya mke wangu, video moja, spika moja. Mwenye akili hujifunza. Safari hii nimemrekodi Masizi mwenyewe kwa simu yangu tangu alfajiri: akiita, akijibu, akiwa na njaa. Na spika zitakuwa mbili, moja huku na moja kule. Akichungulia nyuma ya hii, sauti itatoka kwenye ile.

Nilipoingia na kamba, Shangazi alininusa mikono. Halafu akanilamba, kiganja hadi kifundo, sijui kwa nini. Masizi hakuhitaji kuvutwa. Alinifuata mwenyewe hadi kwenye baiskeli.

Sasa hivi Shangazi anaita. Ananyamaza kidogo. Anaita tena. Kesho atakuwa amesahau.